Barua ya wazi: Mmemhamisha muuguzi, nyenzo zake zimebaki hospitalini

Kwa viongozi wenye dhamana ya afya, elimu na serikali za mitaa,
Tanzania Bara.

Waheshimiwa,

YAH: WAUGUZI WANAOHAMISHWA KUTOKA HOSPITALI KWENDA SHULE MAALUMU ZA BWENI NA VITENGO VYA WANAFUNZI WENYE MAHITAJI MAALUMU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wauguzi tuliotolewa wodini tukapangiwa kuhudumia shule za msingi zenye watoto wa kifafa, mtindio wa ubongo, mgongo wazi na vichwa vikubwa, usonji, ualbino, uziwi na ulemavu wa akili. Tumeandika kwa kufuata ngazi, kama utumishi unavyotaka. Barua zilizokwenda upande wa afya zilijibiwa kwamba shule iko chini ya elimu. Zilizokwenda upande wa elimu zilijibiwa kwamba dawa ni mambo ya mganga mkuu. Nyingine hadi leo hazina jibu. Tunaandika hadharani kwa heshima zote, kwa sababu wazazi wanaotuachia watoto getini wana haki ya kujua tunachoweza kuwafanyia watoto wao na tusichoweza.

Hatupingi uhamisho. Watoto hawa wanahitaji muuguzi, na wengi wetu tumeipenda kazi. Wodini, muuguzi anapomgusa mgonjwa, nyuma yake kuna agizo la daktari lililoandikwa, famasia, faili, mwenzake wa zamu na mtu wa kumpigia simu usiku. Barua ya uhamisho hubeba jina, cheo na cheki namba tu. Yale mengine hubaki hospitalini, na anayefika shuleni anategemewa afanye kazi ile ile kana kwamba amekuja nayo.

Hoja zetu ni hizi.

1. Hatuna agizo la kutibu degedege

Mtoto mwenye kifafa akianza degedege darasani, mara nyingi huisha lenyewe ndani ya dakika mbili tatu. Anahitaji kulazwa ubavu, madawati yasogezwe, kola ilegezwe, na mtu mmoja atazame saa. Mdomoni haingizwi kijiko wala kidole. Mwalimu yeyote anaweza kufundishwa hayo kwa asubuhi moja.

Dakika ya tano ikipita hali inakuwa nyingine. Degedege lililofika hapo mara nyingi haliachi bila dawa, na kadiri linavyoendelea ndivyo dawa inavyozidi kushindwa kulizima. Dawa yenyewe si ngeni wala si ya gharama: diazepamu ya ampuli, mg 10 ndani ya ml 2, kwa njia ya haja kubwa, mg 0.5 kwa kila kilo ya uzito, isizidi mg 10. Kwa hesabu ya haraka ni ml 0.1 kwa kilo. Mtoto wa kilo 12 anapata ml 1.2, wa kilo 20 anapata ampuli nzima. Dawa inavutwa, sindano inaondolewa, ncha ya bomba inapakwa jeli na kuingizwa sm 4 hadi 5, dawa inasukumwa, kisha makalio yanabanwa pamoja dakika chache isirudi nje. Baada ya hapo muuguzi anahesabu pumzi, maana dawa hiyo hiyo inayozima degedege inaweza kupunguza upumuaji. Ndiyo sababu ampuli haivunjwi kabla ambu ya mtoto (mfuko wa kumpumulishia kwa mkono) na barakoa inayomkaa usoni haijawekwa pembeni.

Wodini tumeyafanya hayo, daktari akiwa ameandika. Shuleni hakuna aliyeandika. Diazepamu ni dawa tiba yenye asili ya kulevya: inadai kabati lenye kufuli, daftari linaloonyesha kila ampuli imekwenda kwa nani, na mtu mwenye mamlaka ya kuiagiza. Muuguzi akiitoa bila agizo anaweka leseni yake rehani. Asipoitoa, anamtazama mtoto akiendelea kukakamaa huku mlinzi akitafuta bajaji. Hatujui kati ya hayo mawili ni lipi mnalotutaka tufanye, na tumeuliza.

Kinachokosekana ni karatasi: maagizo ya kudumu ya tiba, yaliyosainiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya na kupitiwa upya kila mwaka, yanayosema muuguzi wa shule anaruhusiwa kutoa dawa ipi, kwa dalili ipi, kwa kiwango kipi, na lini asimame na kutoa rufaa. Yawe ya mambo machache: degedege, pumu iliyobana, mzio mkali, sukari kushuka, homa na maumivu. Kurasa tatu zinatosha.

2. Dawa za kila siku hazina njia ya kufika

Kituo cha afya huagiza dawa Bohari ya Dawa kwa kuwa ni kituo kilichosajiliwa. Chumba cha huduma ya kwanza cha shule hakimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo hakiagizi kitu. Kila mtoto anakuja na dawa alizopewa kliniki ya kwao, kwenye mfuko wa nailoni, nyingine zikiwa zimetolewa kwenye pakiti, maandishi yamefutika. Tunapokea dawa za kifafa, fenobabitoni, kabamazepini na valproati, za kila namna, kila moja na saa zake na tarehe yake ya kurudi kliniki, kwenye hospitali ambazo hazifanani hata mkoa.

Mahali panapovuja zaidi ni likizo. Mtoto anaondoka Juni au Desemba na vidonge vya mwezi mmoja, wakati mwingine pungufu. Kijijini vinaisha. Mzazi anaona mtoto mzima, hajaanguka muda mrefu, nauli ya kliniki ni kubwa, anasubiri shule ifunguliwe. Fenobabitoni ikikatwa ghafla, degedege hurudi na linaweza kuja mfululizo bila fahamu kurejea katikati, na hilo ni jambo la kuua. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya muhula bwenini huwa ndiyo mbaya kuliko zote. Hesabu yake si ngumu: mtoto anayekunywa vidonge viwili vya mg 30 kila usiku anahitaji 60 kwa siku 30, na akiongezewa 28 vya akiba ya wiki mbili anakwenda likizo na 88. Lakini mtu wa kumpa hivyo 88 hayupo, kwa kuwa kliniki inatoa vya tarehe hadi tarehe, na shule haina stoo.

Kuna na uzito. Dozi ya mtoto huenda kwa kilo, na watoto hawa hawapimwi kwa sababu wengi hawawezi kusimama kwenye mizani. Njia ipo na kila kliniki ya watoto inaijua: mlezi anapima peke yake, anapima akiwa amembeba, tunatoa. Aliyeanzishwa mg 60 akiwa na kilo 15 alikuwa anapata mg 4 kwa kilo. Akifika kilo 24 kwa dozi ile ile anapata mg 2.5. Degedege likirudi, bwenini husemwa dawa imegoma, na nyumbani husemwa mengine.

3. Hakuna mafunzo ya kuhama

Mwalimu wa elimu maalumu hupelekwa chuo. Chuo cha Patandi kipo kwa kazi hiyo. Muuguzi hupewa barua na siku za kuripoti. Hoja hii tunaomba ruhusa ya kuieleza kwa urefu, kwa sababu ndipo tunapojibiwa kwamba muuguzi ni muuguzi popote.

Chukueni shanti. Mtoto mwenye kichwa kikubwa aliyefanyiwa upasuaji mara nyingi ana mrija unaotoa maji kwenye ubongo na kuyashusha tumboni. Mrija huo unaweza kuziba siku yoyote, hata baada ya miaka ya kufanya kazi vizuri. Dalili zake ni kichwa kuuma, kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida, macho kuelekea chini, degedege jipya. Kwa mwanafunzi aliyekuwa anafuata masomo, mwalimu ndiye huwa wa kwanza kuona kwamba ameanza kurudi nyuma. Sasa mpelekeni mtoto huyo kwa muuguzi aliyetoka OPD (wagonjwa wa nje) ya mkoa wenye malaria nyingi. Kichwa, kutapika, uchovu: anapima mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, inatoka chanya, anaanza ALu, dawa ya malaria, ya siku tatu. Kipimo hakikukosea. Mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria na shanti iliyoziba kwa wakati mmoja, na siku tatu za kusubiri dozi iishe ndizo zinazompotezea macho au maisha. Mtoto mwenye shanti anayetapika na kusinzia anaondoka siku hiyo hiyo kwenda penye upasuaji wa ubongo, taasisi ya MOI pale Muhimbili au hospitali ya kanda, malaria akitibiwa njiani. Hili halimo kwenye uzoefu wa wodi ya wazazi wala ya upasuaji wa kawaida. Linafundishwa kwa saa mbili, lakini lazima mtu alifundishe.

Au chukueni mkojo. Watoto wengi wa mgongo wazi kibofu hakijimwagi sawasawa. Mkojo unaobaki huleta maambukizi, na shinikizo lake hurudi juu likaharibu figo taratibu, bila maumivu ya kumshtua mtu. Wanahitaji mpira wa mkojo unaoingizwa na kutolewa kila baada ya saa 3 hadi 4 za mchana. Hospitalini tumezoea trei, glavu za stelari (zilizouliwa vijidudu vyote) na mpira unaobaki ndani. Shuleni inatumika njia safi, siyo ya stelari: mikono na sehemu husika zinaoshwa kwa maji na sabuni, mpira wa Nelaton saizi 8 au 10 kwa wadogo, jeli inayoyeyuka kwenye maji, mkojo ukatoka wote, mpira ukatolewa. Pale ambapo mzazi hamudu mpya kila mara, ule ule unaoshwa, unasuuzwa, unakaushwa na kuhifadhiwa kwenye chombo safi kikavu. Lengo ni mtoto ajifunze kujiwekea mwenyewe, na wengi wanaweza kabla hawajamaliza darasa la 4. Muuguzi ambaye hakufundishwa tofauti hiyo hufanya moja kati ya mawili: hukataa kwa kuwa hana trei, au huweka mpira wa kubaki na mfuko wake, kama alivyozoea, na mtoto akaishi na maambukizi ya njia ya mkojo. Glavu nazo: watoto wa mgongo wazi wako katika hatari kubwa ya mzio wa lateksi, yaani mpira wa asili, na glavu za lateksi ndizo tunazoletewa kwa maboksi.

Chumba cha kazi hiyo kinahitaji komeo ndani ya mlango, maji, sabuni, kitanda cha kuegemea, kioo kidogo kwa wasichana, ndoo ya taka yenye mfuniko. Pasipokuwa na chumba, msichana wa darasa la 5 huacha kunywa maji tangu alfajiri ili asilowane mbele ya wenzake, na mkojo wake unaongezeka uzito na vijidudu. Hakuna dawa tunayoweza kumpa ikashinda kitasa cha mlango.

Kulisha kunaonekana kazi ya mpishi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akilishwa amelala chali, uji unaingia njia ya hewa, mara nyingi bila hata kukohoa. Anatakiwa kukaa wima, nyonga zimekunjwa, kichwa katikati na kidevu kimeinama kidogo, uji mzito, kijiko kidogo nusu, kinachotoka mbele na si juu, na kusubiri ameze kabla ya kijiko kingine. Sauti ikiwa ya majimaji, macho yakitoa machozi, simamisha. Akimaliza abaki wima nusu saa. Mlo mmoja huchukua dakika 30 hadi 45. Matroni mmoja mwenye watoto wanane wa kulishwa hana muda huo, hata awe na moyo wa namna gani. Anawalaza mstari na kuwajaza. Nimonia zinazojirudia bwenini tunazipeleka hospitali kwa jina la kifua, na kwenye rejista zinahesabiwa hivyo.

Ngozi ya mtoto mwenye ualbino tunaieleza kwa ufupi. Mafuta ya kujikinga na jua hufika kwa wingi karibu na Juni 13, siku ya maadhimisho, picha hupigwa, na shule zinafunga. Mtoto mdogo anayevaa mikono mirefu na kofia pana anahitaji kama ml 4 kwa uso, masikio, shingo na migongo ya viganja, mara mbili kwa siku ya shule. Kwa siku 20 za masomo hiyo ni ml 160. Chupa ya ml 100 inaishia njiani. Mafuta hayo yanatengenezwa hapa hapa nchini, hospitali ya KCMC Moshi, kwa hiyo umbali si kisingizio. Na kidonda au gamba lisilopona kwa mwezi mmoja linahitaji kuonwa na mtaalamu wa ngozi. Linahitaji pia muuguzi aliyeelekezwa kulitambua, maana huanza kama jambo dogo sana.

Mwisho katika hili ni maumivu ya asiyesema. Mtoto mwenye usonji anayejigonga kichwa ukutani anaweza kuwa na jino, sikio au choo cha siku sita. Kipimo cha maumivu cha FLACC kinatumia mambo matano, uso, miguu, mwili, kilio na kutulizika, kila moja alama 0 hadi 2, na mzazi huongeza dalili za mtoto wake mwenyewe. Ni karatasi moja. Kwa mtoto kiziwi, muuguzi asiyejua hata misingi ya Lugha ya Alama hupata historia ya ugonjwa kupitia mtu wa tatu, na pale jambo lenyewe linapokuwa la kufanyiwa ukatili, mtu wa tatu huyo huenda ndiye anayehusika. Tunaomba lisomwe tena hilo.

4. Faili na siri

Shule hutaka rejista ya magonjwa iwe mezani kwa mwalimu mkuu. Tunaelewa kwa nini: anapoulizwa, anataka jibu. Lakini mtoto anayetumia dawa za VVU analindwa na sheria ya mwaka 2008, na taarifa binafsi kwa ujumla zina sheria yake ya 2022. Mwalimu wa darasa anahitaji kujua afanye nini mtoto akianguka. Hahitaji kujua mengine. Suluhisho ni karatasi mbili. Moja ya darasani: picha, jina, afanye nini, asifanye nini, ampigie nani. Nyingine kwenye kabati la muuguzi: ugonjwa, uzito wa kila muhula, dawa na dozi, mzio, namna ya degedege lake, ridhaa ya mzazi iliyosainiwa, hospitali ya rufaa. Hakuna mwongozo unaotulinda tunapokataa kutoa hiyo ya pili.

5. Saa

Wiki ina saa 168. Muuguzi mmoja wa saa 40 anashughulikia chini ya robo yake. Degedege la kifafa halichagui saa, na mengi huja usingizini au alfajiri. Muuguzi anayeishi jirani na bweni anaitwa usiku, asubuhi anagawa dawa za watoto wote peke yake, akiwa na usingizi, bila mtu wa pili wa kuhakiki dozi. Wodini jambo hilo lingeandikiwa ripoti.

6. Cheo

Msimamizi wa upande mmoja anatujazia kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, malengo ya wodi ambayo shuleni hayapo; wa upande mwingine anasema sisi si walimu, hatumo kwenye orodha yake. Mafunzo endelevu yanayohitajika kwa leseni yanafanyika hospitalini, nasi hatupewi ruhusa ya kwenda. Posho ya sare na ya kuitwa kazini hupotea katikati ya idara mbili. Tunaliweka hili mwisho kwa makusudi, lisije likafanywa ndiyo barua yote.

Tunajua majibu yaliyo tayari, tuyatolee maelezo mapema.

Mtasema zahanati iko karibu. Zahanati nyingi hufungwa alasiri, na hata ikiwa wazi, dakika tano hazitoshi kumfikisha mtoto aliyekakamaa mgongoni mwa bodaboda. Mtasema shule isigeuzwe hospitali. Tunakubaliana, hatuombi vitanda, dripu wala maabara. Mtasema diazepamu ni hatari kukaa shuleni. Ni kweli, ndiyo maana tunaomba kufuli, daftari na ukaguzi badala ya kuinunua duka la dawa kwa kificho. Mtasema fedha hakuna. Sehemu kubwa ya tunachoomba ni saini na ratiba; kinachonunuliwa ni ambu inayosafishwa na kutumika tena, kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kipimo cha sukari, mizani, sabuni, mipira ya mkojo na ampuli.

Mtasema wauguzi hawatoshi hata hospitalini. Hili ndilo lenye uzito, na hatulipuuzi. Lakini mtoto wa shanti aliyechelewa, wa nimonia ya uji na wa figo zilizoharibika wote wanaishia wodini, kwenye vitanda na zamu zile zile mnazozilinda.

Kuna jingine ambalo halisemwi kwenye barua, tunalisikia kwenye korido: kwamba shule maalumu ni mahali pa kumpumzisha muuguzi aliyekaribia kustaafu au mwenye mgongo mbovu. Anayesema hivyo hajawahi kumnyanyua mtoto wa kilo 35 mwenye misuli iliyokaza kutoka kwenye kiti mwendo hadi kwenye choo, mara nne kwa siku, bila wa kumsaidia.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Upo na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Tunaomba yanayofuata yatoke humo, hatuombi sheria mpya.

(a) Waraka mmoja, wenye saini za pande zote mbili, afya na elimu, utakaosema muuguzi wa shule maalumu anawajibika kitaaluma kwa Muuguzi Mkuu wa Wilaya na kiutawala kwa mwalimu mkuu. Kwenye waraka huo huo litajwe jina la ofisi inayojibu barua zetu.

(b) Maagizo ya kudumu ya tiba, kama tulivyoeleza katika hoja ya 1, yawepo kabla muuguzi hajaripoti. Tusipangiwe kituo kwanza na karatasi ifuate.

(c) Kila shule iunganishwe na kituo cha afya kimoja kilicho jirani, kituo hicho kiagize dawa na vifaa vyake, na kliniki ya kifafa ifanyike shuleni mara moja kwa mwezi ili tarehe za watoto ziwe moja. Kabla ya kila likizo mtoto aondoke na dawa za likizo nzima na akiba ya siku 14.

(d) Wiki sita za maandalizi kwa kila anayehama: mbili kliniki ya kifafa na watoto, moja penye wagonjwa wa mgongo wazi na shanti, moja kwa wataalamu wa mazoezi tiba na ulishaji, moja ya ngozi, macho na masikio, na moja shuleni pamoja na anayeondoka. Lugha ya Alama ianze humo na iendelee. Kisha, kila mwaka, wiki nne za kurudi hospitalini, mikono isisahau na mafunzo endelevu yapatikane.

(e) Wauguzi wawili kwa kila shule yenye bweni, na matroni wafundishwe kulisha, kugeuza, na kumlaza mtoto ubavu, wakiwa na uwiano unaowawezesha kweli kulisha kwa dakika 30.

(f) Chumba chenye komeo na maji. Kama fedha ni za kitu kimoja mwaka huu, anzeni na hiki pamoja na ambu.

(g) Njia ya siri ya kuripoti ukatili dhidi ya mtoto, inayomfikisha muuguzi moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na ustawi wa jamii, bila kupitia uongozi wa shule, na mkalimani wa Lugha ya Alama asiyetoka shule hiyo.

Tunaomba majibu ya maandishi, hata kama baadhi ni hapana, yatufikie kabla ya shule kufunguliwa Januari. Hoja za (b) na (c) haziwezi kusubiri zaidi ya hapo kwa sababu ya wiki ya kwanza ya muhula tuliyoieleza. Hadi hapo tutaendelea kufanya yaliyo ndani ya leseni zetu, na kila mzazi atakayeandikisha mtoto mwenye kifafa tutamweleza kwa maandishi kwamba shule haina idhini ya kutoa dawa ya kuzima degedege, ili aamue akijua.

Tuko tayari kukaa nanyi na rasimu ya maagizo hayo ya kudumu, ambayo tumeshaiandika. Ina kurasa tatu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wauguzi wa shule maalumu za bweni na vitengo vya wanafunzi wenye mahitaji maalumu

Nakala: Waganga Wakuu wa Wilaya; Wauguzi Wakuu wa Wilaya; Maafisa Elimu Maalumu; kamati za shule; wazazi na walezi.